Wenye mabaki ya vitenge tukutane hapa: kushona bloku za kwilti juu ya karatasi

BibiSindano (mleta mada):

Wakuu habari za muda huu. Humu kila siku ni gauni la send-off, sare za harusi na jinsi ya kukata solo, leo naomba tuongelee vile vipande vinavyobaki chini ya meza. Fundi akishona vitenge wiki nzima anajaza kiroba na kile kiroba mara nyingi kinaishia kujazia mto au kinachomwa. Mimi navitaka hivyo hivyo vilivyokatwa hovyo. Nashona nyota za kwilti, lile tandiko la viraka lenye sufi katikati, kila nyota ni bloku moja, yaani kipande kimoja cha mraba cha hilo tandiko.

Najua kuna atakayesema viraka tumeshona tangu enzi za bibi. Kweli, ila vile vilikuwa mraba kwa mraba na hata hapo kona hazikutani. Ukitaka nyota ya ncha nane, zote zikutane katikati bila moja kumezwa na mshono, kwa vipande ambavyo havina hata ukingo mmoja ulionyooka, jicho halitoshi hata ukiwa fundi wa siku nyingi. Ndo hapo inakuja hii wanaita pepa pisingi. Mchoro wa bloku unakuwa kwenye karatasi, kitambaa unakilaza nyuma ya karatasi, unashona juu ya mstari uliochorwa na sindano inatoboa vyote viwili. Mwisho karatasi unaichana unatupa. Vipimo vyote viko kwenye karatasi, kitambaa hakidaiwi kukatwa sawa, na hii ndo sababu nawaambia hata ambaye ameshika cherehani juzi anaweza kutoa ncha kali kuliko fundi anayekadiria.

Sasa inavyokwenda. Mchoro una namba, 1, 2, 3 kuendelea, hizo ndo utaratibu wa kushona, usiruke. Upande wenye mistari unakutazama wewe, kitambaa kinakaa upande wa pili usio na kitu. Kipande cha kwanza unakilaza mgongo wake ugusane na karatasi, sura itazame nje, unakishika kwa pini au tone la gundi ile ya fimbo ya watoto wa shule. Inua kwenye mwanga wa dirisha au washa tochi ya simu kwa chini uone kama kimefunika eneo lote la namba 1 na kimezidi angalau robo inchi kila upande. Kikizidi sana hakuna neno, kikipungua ndo msala.

Kipande cha pili kinakaa juu ya cha kwanza sura kwa sura, ukingo wake upite mstari wa kati ya 1 na 2 kwa robo inchi. Geuza, weka chini ya mguu wa cherehani karatasi ikiwa juu, shona kwenye mstari wenyewe, anza mishono miwili mitatu kabla haujaanza na upitilize mishono miwili mitatu. Kunja karatasi pale pale uliposhona, vitambaa vitabaki vimetokeza, vikate vibaki robo inchi. Fungua kipande cha pili kilalie upande wake, piga pasi, nenda cha tatu. Ukimaliza namba zote unakata pembeni kwa kufuata mstari wa nje, ule wenye robo inchi ya kuungia, na hapo lile rundo la matambara lenye mikia mikia linageuka bloku iliyonyooka pande zote nne, mimi mpaka leo hii hatua inanifurahisha.

Vipande vyenye pembe kali ndo vinatesa. Kabla hujashona kibane na pini kwenye mstari, kigeuze kana kwamba umeshashona, tazama kwenye mwanga kama kinafunika. Kufumua mshono mfupi juu ya karatasi ni adhabu.

Maana mshono lazima uwe mfupi, kama milimita 1.5, yaani mishono 16 au 17 ndani ya inchi moja. Vile vyerehani vyetu vyeusi vya miguu vingi havijaandikwa milimita, ni kile kishikio unapandisha unashusha, basi shona inchi moja kwenye karatasi tupu uhesabu matundu. Mishono ikiwa karibu karibu karatasi inachanika yenyewe na uzi hauvutiki wakati unaitoa. Sindano namba 14. Karatasi inaifubaza haraka kwa hiyo itenge iwe ya kazi hii tu, usije ukairudisha kwenye shifoni ya mteja.

Na pasi iwe kavu. Mvuke unafanya karatasi ijikunje na isinyae, vipimo vinaondoka. Halafu karatasi ya fotokopi wino wake ni unga uliyeyushwa kwa moto, pasi kali ikigusa upande wenye mistari wino unahamia kwenye pasi na kutoka hapo kwenye kitambaa cheupe. Piga upande wa kitambaa.

Maswali karibuni.

kaka_mtaa:

Nimeweka kiti hapa. Ila dada, Dar hii ya nyuzi 33 nani anajifunika kwilti? 😂

ShangaziNjombe:

Kaka njoo huku Njombe mwezi wa saba ndo urudie hilo swali. Huku hata blanketi mbili unajikunyata.

BibiSindano:

Kaka, hujalazimishwa kujifunika. Bloku moja ya inchi 16 ni foronya ya mto wa kochi. Nne zinatoa kitambaa cha meza. Na ukitaka la kitandani kwa joto la pwani unaacha kuweka sufi katikati, unaweka viraka juu na bitana ya pamba chini basi, linakuwa tandiko. Shangazi wewe katikati weka blanketi jepesi la flisi, linashoneka kirahisi na halihami hami kama fiba ya mito, ile fiba ukifua inajikusanya kona moja.

fundi_mwendo:

Samahani bibie, mimi nipo kazini miaka mingi. Robo inchi naifuata kwa mguu wa cherehani macho nimefumba. Hiyo ya kuweka karatasi, kutoa, kukunja, pasi, kuweka tena, kwa kipande cha vidole viwili, ni kupoteza muda. Kwa muda huo nimemaliza shati.

BibiSindano:

Fundi heshima yako. Kwa miraba na mistatili uko sahihi kabisa, karatasi ya nini, hata mimi siweki. Lakini hebu chukua kitenge ukate ncha ya nyota, pembetatu nyembamba ndefu. Upande mmoja lazima uangukie mshazari, na unajua wewe kitambaa cha mshazari kinavyovutika, ukikigusa tu kimeshakuwa kirefu. Sasa zishone nane za hivyo kwa macho yaliyofumba uniambie katikati kumetokea nini, nakuhakikishia kutasimama kimlima hata pasi haikilazi. Karatasi inakishikilia kitambaa kisivutike mpaka bloku nzima imeungwa na jirani zake. Kazi yake ni hiyo zaidi hata ya kuonyesha mstari.

Na muda unapunguka ukishona kwa mkupuo. Unapanga karatasi zote za nyota, unashona namba 2 kwenye zote mfululizo bila kukata uzi, unakata, unapiga pasi zote, unarudi na namba 3.

fundi_mwendo:

Hapo kwenye mshazari nimekuelewa. Kwenye muda bado.

wambo_254:

Sasa mimi niko Nakuru. Niliona patani, yaani mchoro, ya bure mtandaoni ya nyota ya inchi sita, nikaenda saiba wakaniprintia, nikashona poa kabisa lakini bloku zote zimetoka ndogo, karibu robo inchi zimepungua. Nimezipanga na zingine nilizokata kwa rula haziingiani hata kidogo. Nini mbaya?

BibiSindano:

Dada Wambo hii inawakuta wengi huku kwetu na haihusiani kabisa na ushonaji wako. Patani nyingi za mtandaoni zimetengenezwa na Wamarekani kwa karatasi yao, ina upana wa milimita 216 na urefu 279. Sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Yetu ni nyembamba kidogo, kwa hiyo kompyuta ikiachwa iamue inausinyaza mchoro ili utoshe upana. Mwambie wa saiba aweke asilimia 100, asikubali ile ya kujaza ukurasa. Patani nzuri huwa na kiboksi cha inchi moja pembeni, kipime na rula palepale dirishani kabla hujalipa. Inchi moja kasoro kidogo maana yake rudisha. Na zote ziprinti siku moja mashine moja.

Hizo ulizoshona usifumue, ziko sawa zenyewe kwa zenyewe, zizungushie pindo la kitambaa kimoja mpaka zifike saizi unayotaka.

wambo_254:

Aki asante. Sikuwa najua hata karatasi zinatofautiana.

ShangaziNjombe:

Na sisi tusio na printa wala umeme wa kuaminika?

BibiSindano:

Shangazi wewe ndo una njia tamu zaidi. Chora mchoro mmoja kwa penseli na rula kwenye karatasi. Panga chini yake karatasi nyingine kama saba nane, zibane na pini. Toa uzi kwenye sindano na bobini, endesha cherehani kufuata mistari yote. Umepata nakala zenye vitundu badala ya mistari, sawasawa kabisa zote, na vile vitundu vinasaidia karatasi ikunjike na ichanike kwenye mstari wenyewe. Zipe namba kwa kalamu, na uziandike zote upande uleule, ukichanganya pande nusu ya nyota zako zitaangalia kushoto.

Karatasi za madaftari zinafaa kuliko A4 za printa, ni nyembamba. Daftari la hesabu la viboksi ndo usiseme, miraba imeshachorwa, ila pima kwanza kiboksi kina ukubwa gani usidhani ni nusu inchi.

mtu_wa_Minneapolis:

Salamu toka Minnesota, huku baridi ndo kwao kwa hiyo kwilti ni chombo cha kila nyumba. Nakaa na akina mama wa huku wanaoshona, wengi wazee, nimejifunza mengi. Nyongeza tu kwamba kushona na karatasi kuna aina mbili watu wanazichanganya. Anayoeleza mleta mada ni ya mashine, unashona juu ya karatasi. Nyingine ni ya Kiingereza, ya mkono: karatasi unaikata umbo lenyewe, mara nyingi pembe sita, kitambaa unakikunjia nyuma ya karatasi, halafu unaunganisha umbo na umbo kwa mkono ukingo kwa ukingo.

Na hii ya mkono ni ya zamani sana. Chama cha washona kwilti Uingereza kinatunza tandiko la hariri la mwaka 1718, limeshonewa mwaka wenyewe juu yake, ndilo la viraka la zamani kuliko yote yenye tarehe yanayojulikana nchi hiyo, na karatasi nyingine bado zimo ndani. Zamani karatasi ilikuwa mali, watu walikata barua, madaftari ya hesabu, magazeti, na kwilti ambayo haikumaliziwa ukiigeuza nyuma unasoma maandishi ya watu. Wataalamu wanayatumia kukadiria umri wa kazi. Huku Marekani gazeti la akina mama la Godey's lilichapa mchoro wa pembe sita mwaka 1835, na ile ya maua ya pembe sita ilishika kila nyumba miaka ya 1920 na 1930.

Ile ya mashine nayo ina ndugu yake wa shida. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 wanawake wa mashambani, weusi kwa weupe, walikuwa wanashona vipande vyembamba vya kitambaa juu ya kurasa za magazeti na katalogi, hakuna namba wala mchoro, unaanzia kona unajaza mpaka kona ya pili, unakata kwa kufuata ukingo wa karatasi. Kwa mabaki yale ya vitenge marefu membamba hii ni bora kuliko nyota.

BibiSindano:

Ahsante sana kwa darasa. Hiyo ya vipande vyembamba nakubaliana, anayeanza aanzie hapo. Tahadhari tu na gazeti, wino wake unachafua kitambaa cheupe.

asha_wa_raskazone:

Mie cherehani sina, hiyo ya mkono ndo yangu. Karatasi gani inafaa na nashonaje isinase kwenye uzi?

mtu_wa_Minneapolis:

Dada Asha, kwa mkono karatasi iwe ngumu kidogo ili ukingo usimame. Huku wanauza zilizokatwa tayari ila usinunue, kadi za michango ya harusi zilizojaa kabatini zinatosha kabisa. Kata pembe sita ya inchi moja kila upande, kata moja kwa uangalifu sana halafu itumie hiyohiyo kuchorea zote, usichoree ya pili kwa ya kwanza na ya tatu kwa ya pili maana zinakua taratibu bila kujua.

Kitambaa kizidi robo inchi au zaidi kidogo. Kunja kila upande nyuma ya kadi, kwenye kila kona shika mikunjo miwili kwa mshono mmoja wa uzi bila kutoboa kadi, zunguka kona zote sita. Kuunganisha, weka mbili sura kwa sura, pitisha sindano kwenye ncha ya mkunjo tu, nyuzi mbili tatu za kitambaa, mishono kama 15 au zaidi kwa inchi. Sindano ikigusa kadi utaisikia, inakwaruza. Kadi ya katikati unaitoa pale majirani zake wote sita wameshaungwa, unaitumia tena.

Hii unashonea popote, kwenye daladala, foleni ya hospitali, kikao cha vikoba.

asha_wa_raskazone:

Vikoba nitatozwa faini 😂 Na kanga je? Nna kanga kuukuu tele.

BibiSindano:

Kanga kuukuu ni laini, kwa mkono ni raha tupu. Usichanganye tu iliyochakaa na kitenge kipya kigumu pembe kwa pembe, ile ya zamani itachanika kwanza. Kwenye kanga angalia ule mji wa katikati, ukikuta ua au korosho inayojirudia, laza karatasi juu yake hivi kwamba ua liangukie katikati ya kila pembe sita. Ukizunguka sita zilizokatwa hivyo unapata duara ambalo mtu anadhani limechapwa kiwandani. Inakula kitambaa, kanga itabaki na matundu matundu. Jina mimi huwa nalikata lote zima nikaliwekea pindo chini ya kazi, sipendi kuona herufi nusu.

mtu_wa_Minneapolis:

Mkiongelea kazi ya mkono, watafuteni Wasidi wa Karnataka India, ambao asili yao ni Afrika, wengi walitokea pande zetu za mashariki. Wanawake wao wanashona kwilti bila karatasi wala mchoro, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, na kila kona wanaweka vipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa. Sio njia ya ncha kali, ila rangi zao zinanishinda kabisa.

kaka_mtaa:

Swali serious sasa. Kiroba cha fundi kina kila kitu, nitajuaje kipi pamba kipi ni poliesta? Maana sokoni kila muuzaji anakwambia kitenge cha pamba.

BibiSindano:

Choma. Chomoa nyuzi chache, zishike na kibanio juu ya kiberiti. Pamba inawaka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kijiwe kigumu cheusi. Poliesta haikatazwi, ila haikunjiki kwa pasi, inarudi, na ukiweka joto la pamba inang'aa au inayeyuka. Mimi naitenga kwenye vibegi.

Na vitambaa vipya vyote vifue kwanza. Vyekundu na vyeusi loweka peke yake, badilisha maji mpaka yatoke safi. Watu wanasema weka chumvi au siki, kwa kitenge cha dukani hiyo ni kujipa moyo tu. Kama kitambaa bado kinatoa rangi baada ya kulowekwa mara nyingi, kiache kabisa.

fundi_mwendo:

Haya nimejaribu mchana wateja walipopungua. Nyota moja. Imelala, sikatai. Lakini nani analipia? Mteja wa hapa anataka mto wa elfu kumi.

BibiSindano:

Mteja wa elfu kumi usimshonee nyota, mshonee ile ya vipande vyembamba, inakwenda haraka na inavutia macho. Nyota ya karatasi ni ya mtu anayejua anachotazama, na hao huku kwetu wachache, sikudanganyi. Nawajua mafundi wanaoziweka kama kiraka kimoja tu mgongoni mwa koti la kitenge, bei inapanda kwa bloku moja badala ya thelathini.

wambo_254:

Thelathini ndio ya kitanda?

BibiSindano:

Kitanda chetu cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Bloku za inchi 12 zinaingia tano kwa sita bila kubaki hata kidole, thelathini kamili, hapo ni juu ya godoro tu. Ukitaka ining'inie pembeni ongeza pindo. Ukishona za inchi 6 ni 120, na hapo ndo watu wanakimbia.

wambo_254:

Sawa. Ya mwisho. Nilijaribu herufi W ya jina langu ikawa sawa, ya dadangu ni R ikatoka imegeuka. Na karatasi natoa saa ngapi, kabla ya kuunganisha bloku ama baada? Nikisahau nifue nazo?

BibiSindano:

W ukiigeuza inabaki W ndo maana hukuona. Unashona nyuma ya mchoro, kwa hiyo kila kitu kinatoka kama kwenye kioo. Patani ya herufi lazima ichorwe kinyume kwenye karatasi. Bandika karatasi dirishani, ichoree upande wa nyuma, namba zihamishie huko, utumie huo.

Karatasi toa baada ya kuunga bloku zako pande zote nne, kwa sababu ile mishazari ya pembeni bado inataka kushikwa. Kuunga, choma pini wima kona kwa kona ipenye karatasi zote mbili, zikikutana ndo ubane. Kisha kunja kila mshono mbele nyuma, shika mshono kwa kidole gumba, chana kwa kuvuta kuelekea kwenye mshono, usivute kuelekea nje. Vile vipande vidogo kwenye ncha vitoe kwa kibanio cha nyusi. Ukifua nazo zinakuwa uji ndani ya bitana na hakuna pa kuutolea.

Umeme umerudi, nakwenda kupiga pasi. Waliobaki na maswali andikeni, usiku napita tena.